Alice Ball: Mkemia wa miaka 23 aliyewafungulia wagonjwa wa ukoma njia ya kurudi nyumbani

Ukiwa na miaka 23, wewe uko wapi? Wengine bado wanapigania kumaliza digrii, wengine wanatuma barua za kuomba kazi hadi vidole vinauma. Hakuna ubaya. Lakini hebu nikusimulie kuhusu binti mmoja Mmarekani mweusi ambaye katika umri huo, mwaka 1915, alikuwa akifundisha kemia chuoni, na akitoka darasani anajifungia kwenye maabara kushughulikia tatizo lililokuwa limewashinda madaktari kwa miaka mingi. Jina lake Alice Augusta Ball. Kama hujawahi kulisikia, usijilaumu. Kuna sababu, na tutaifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Ukoma huenda unaujua kutoka kwenye Biblia tu, au kwenye matusi ya mtaani. Ni ugonjwa wa bakteria. Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norway, ndiye aliyemgundua mdudu huyo mwaka 1873. Anashambulia ngozi na neva. Dalili yake ya kawaida ni baka kwenye ngozi, lililopauka au lenye wekundu, ambalo ukiligusa hulisikii. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anashika sufuria ya moto bila kuhisi, anakanyaga msumari na kuendelea na safari, kidonda kinaoza, vidole vinaharibika. Kinyume na watu wanavyodhani, ukoma hauambukizi kwa urahisi, na si kusalimiana kwa mkono kutakupa. Isitoshe, mdudu wake ni mvivu ajabu: anachukua karibu wiki mbili kugawanyika mara moja, na mtu anaweza kukaa miaka 5, wengine hata 20, kabla dalili hazijajitokeza. Mpaka leo hakuna mwanasayansi aliyefaulu kumkuza kwenye kisahani cha maabara jinsi bakteria wengine wanavyokuzwa. Sasa wewe fikiria kutafuta dawa ya mdudu wa aina hiyo miaka mia moja iliyopita.

Huko visiwa vya Hawaii, ukoma ulikuwa balaa. Mwaka 1865 ufalme wa huko ulipitisha sheria ya kuwatenga wagonjwa, na kuanzia 1866 wakawa wanapelekwa kwa meli hadi rasi ya Kalaupapa, kisiwa cha Molokai. Mbele bahari, nyuma jabali refu kama ukuta. Ukishafikishwa huko, ndiyo basi. Mume alitenganishwa na mke, na mtoto aliyezaliwa huko alichukuliwa na kulelewa kwingine. Kwa muda wa karibu karne moja, watu wapatao 8,000 walipelekwa Kalaupapa, wengi wao wenyeji wa visiwa hivyo. Sheria ya kuwatenga iliondolewa mwaka 1969 tu.

Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa ya kukutesa. Yalikuwa mafuta ya mbegu za mti uitwao chaulmugra, yaliyotumika India na Uchina kwa karne nyingi kutibu magonjwa ya ngozi. Shida ni namna ya kuyaingiza mwilini. Ukiyanywa, ladha yake ni chungu na yanakera tumbo, unatapika yote. Ukiyapaka, yananata tu juu ya ngozi. Ukidungwa sindano, mafuta ni mazito, hayachanganyiki na maji ya mwili, kwa hiyo yanakaa pale pale chini ya ngozi na kufanya manundu yenye uchungu, yamepangana kwa safu. Ushawahi kuosha sufuria ya mafuta kwa maji matupu? Basi hilo ndilo tatizo, ila sasa liko ndani ya mkono wa mgonjwa.

Daktari Harry Hollmann, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa ukoma katika Hospitali ya Kalihi, Honolulu, aliona kwamba dawa ina nguvu fulani, lakini yeye si mkemia. Alihitaji mtu wa kuyatenganisha mafuta hayo na kutoa kile chenye kufanya kazi. Akamwendea Alice.

Kwa nini yeye? Alice alizaliwa Seattle, Marekani, Julai 24, 1892, katika familia ya wapiga picha. Babu yake, James Presley Ball, alikuwa mmoja wa wapiga picha weusi maarufu zaidi wa karne ile. Na kupiga picha enzi hizo hakukuwa kubonyeza simu: bamba la fedha lilipitishwa kwenye mvuke wa ayodini, kisha picha ikaletwa kwa mvuke wa zebaki. Ilikuwa kemia tupu. Siwezi kuapa kwamba ndiko alikotoa mapenzi ya somo hilo, lakini mtoto anayekulia penye harufu ya kemikali hawezi kuwa mgeni maabarani. Familia ilihamia Hawaii kwa muda alipokuwa mdogo, kwa ajili ya afya ya babu. Mzee alipofariki, walirudi Seattle.

Katika Chuo Kikuu cha Washington alichukua digrii mbili, ya kemia ya dawa mwaka 1912 na ya ufamasia mwaka 1914. Pamoja na mwalimu wake alichapisha makala katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, kitu ambacho mwanamke mweusi wa wakati huo hakukiota kirahisi. Akapewa nafasi ya kuendelea na masomo California na pia Hawaii. Akachagua Hawaii. Mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na mtu mweusi wa kwanza, kupata digrii ya uzamili katika Chuo cha Hawaii, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kisha akawa mwanamke wa kwanza kufundisha kemia hapo.

Utafiti wake wa uzamili ulihusu mzizi wa kava, ambao watu wa visiwa vya Pasifiki hutengenezea kinywaji. Alikuwa akitafuta ni kemikali gani hasa ndani ya mzizi ule inayofanya kazi. Hollmann aliposikia, alijua amepata mtu wake. Aliyeweza kuupekua mzizi angeweza kuipekua mbegu.

Alichofanya Alice, nikuambie kwa lugha ya kawaida, ni hivi. Mafuta yoyote yamejengwa kwa asidi za mafuta zilizofungwa pamoja. Hatua ya kwanza inafanana na kutengeneza sabuni: unayavunja mafuta ili asidi zile ziachane na gundi iliyozishika. Hatua ya pili, unaziunganisha asidi hizo na ethanoli, pombe ile ile ya maabara, zikawa kitu kinachoitwa esta. Esta ni nyepesi. Inatiririka. Ukiidunga kwenye msuli haigandi kuwa nundu. Inasambaa na kufyonzwa na mwili, huku nguvu ya dawa ikiwa bado imo. Ukisikia hivi unaweza kudhani ni kazi ya wikendi. Lakini kila mgonjwa aliyewahi kutapika mafuta yale angekuambia kwamba hakuna aliyekuwa ameiweza. Alice aliiweza kwa muda usiofika mwaka mmoja, na huku ana wanafunzi wa kufundisha.

Halafu akaugua. Mwaka 1916 alirudi Seattle, na Desemba 31 mwaka huo akafariki. Alikuwa na miaka 24. Gazeti la Honolulu liliandika kwamba huenda alidhuriwa na gesi ya klorini alipokuwa akifundisha maabarani. Cheti chake cha kifo kinataja kifua kikuu, na kinaonekana kuwa kilibadilishwa. Alikufa kabla hajachapisha matokeo yake.

Hapo sasa ndipo sababu niliyokuahidi. Ushawahi kufanya kazi ya kundi chuoni, ukakesha wewe, kisha jina linalowekwa mbele si lako? Arthur Dean, mkemia na rais wa chuo hicho, aliendeleza kazi ya Alice. Maabara ya chuo ikaanza kutengeneza dawa hiyo kwa wingi, na Dean akachapisha matokeo bila kumtaja Alice hata mahali pamoja. Njia hiyo ikaitwa Njia ya Dean, na sifa zikafika mbali. Kumwita Dean mwizi wa kila kitu itakuwa kumwonea, kwa maana kuitengeneza dawa kwa wingi nako kulitaka kazi. Lakini kuandika jina moja kwenye makala hakukutaka kazi yoyote.

Aliyekataa kunyamaza ni Hollmann. Mwaka 1922 aliandika katika jarida la madaktari wa ngozi akaeleza hatua zote, na akaziita waziwazi Njia ya Ball. Aliongeza kwamba haoni Dean ameboresha nini katika njia ya asili. Bahati mbaya, wachache ndio waliomsikiliza.

Kwa wagonjwa, jina halikuwa hoja. Kufikia mwaka 1920, wagonjwa 78 walikuwa wamechunguzwa na kuruhusiwa kutoka Hospitali ya Kalihi baada ya kudungwa sindano hizo. Watu waliokuwa wakisubiri meli ya Kalaupapa walirudi kwa mama zao. Dawa hiyo ikasambaa katika nchi nyingine, na kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyotegemewa zaidi duniani.

Lakini tusiipake sukari. Esta za chaulmugra hazikuwa tiba kamili. Baadhi ya walioruhusiwa, baka lilirudi, nao wakarudi hospitalini. Kuanzia miaka ya 1940 dawa za salfoni zilichukua nafasi yake, na tangu miaka ya 1980 mgonjwa hupewa dawa tatu kwa pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Matibabu ni miezi 6 au 12, bila malipo. Hapa kwetu, hospitali ya Alupe kule Busia ilijulikana miaka mingi kwa kuwatibu wagonjwa wa ukoma. Kwa hivyo ukiona baka lisilohisi, usikae ukijipaka krimu ya mapunye mwezi baada ya mwezi. Nenda kliniki.

Na Alice je? Kwa miongo mingi alibaki kwenye mafaili. Waliomfukua humo ni watafiti kama Kathryn Takara na Stanley Ali, kwa kupekua kumbukumbu za zamani za chuo. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliweka bamba lenye jina lake kwenye mti wa chaulmugra ulioko kampasi, na mwaka 2007 kikamtunuku nishani ya heshima. Mwaka 2019 jina lake liliongezwa kwenye ukuta wa chuo cha tiba za nchi za joto jijini London, pamoja na ya Marie Curie na Florence Nightingale. Kabla ya hapo, majina yote kwenye ukuta ule yalikuwa ya wanaume.

Siku ile bamba lilipowekwa mtini, naibu gavana wa Hawaii alitangaza Siku ya Alice Ball. Tarehe? Februari 29. Ndiyo, ile inayokuja mara moja kila miaka minne. Mwaka 2022 gavana alitoa tangazo jipya, safari hii kwa Februari 28.