Al-Khwarizmi na Hisabu ya Mafungu ya Mirathi

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa yapata mwaka 780 wa Miladi. Nisba yake ni ya Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Lakini kazi yake aliifanya Baghdad, katika zama za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Khalifa huyo aliwapenda wenye elimu, na Baitul-Hikma ilikuwa makutano ya wanavyuoni waliofasiri vitabu na kutunga.

Katika vitabu vyake kilichoenea zaidi ni kile cha Al-Jabr wal-Muqabala. Wengi hudhani kuwa ni elimu ya mabingwa peke yao. Kumbe alikitunga kwa haja za watu: mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Fungu kubwa la mwisho wake ni la wasia. Kwani hissa za warithi katika Kur-ani Tukufu ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi; na mwenye kukosea kuzijumlisha au kuzitoa, hata kwa kipande kidogo, amempa mtu kisicho chake na kumdhulumu mwenye haki.

Miongoni mwa masuala yake ni haya. Mtu amekufa, ameacha wana wawili, na ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu asiye mrithi. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na dirhamu 10 nyingine ni deni juu ya mmoja wa wanawe.

Al-Khwarizmi aliiita hissa ya mwana mdeni kuwa ni kitu, maana haijajulikana bado, akaiongeza juu ya zile 10. Kwani katika deni huhesabiwa kadiri ya hissa yake tu, ndiyo ikatwayo. Kisha hutolewa thuluthi ya wasia. Thuluthi ya 10 ni 3⅓. Ili kuitoa, moja katika 10 huvunjwa ikawa thuluthi tatu, zikawa 9 na thuluthi tatu. Zikitolewa 3 na thuluthi moja, husalia 6⅔. Na katika kitu husalia thuluthi mbili zake. Basi kila mwana hupata nusu ya hayo, yaani 3⅓ na thuluthi ya kitu. Lakini hissa ya mdeni ndiyo kitu chenyewe. Kwa hiyo 3⅓ ni thuluthi mbili za kitu, na thuluthi iliyobaki ni nusu ya hizo, yaani 1⅔. Jumlisha nzima kwa nzima, ni 4. Na thuluthi kwa thuluthi, ni tatu, nazo ni nzima moja. Jumla ni 5.

Basi aliyeusiwa hutwaa dirhamu 5 taslimu, mwana wa pili hutwaa 5, na mdeni hukatiwa 5 katika deni lake. Na kadhi mwenye haraka, akitoa thuluthi ya zile 10 taslimu peke yake, amempunja aliyeusiwa dirhamu 1⅔.

Hayo yote Al-Khwarizmi aliyaandika kwa maneno matupu, bila alama. Alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na watu wa Ulaya wakaiita elimu hiyo aljebra, kwa jina la kitabu chake. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa kila haki iliyomfikia mwenyewe kwa sababu ya hisabu yake. Amin.