Mwalimu Nyerere Alivyosomea Ualimu

Kijana aliyezaliwa na wazazi wasiojua kusoma, naye akaondoka kwao kwenda kujifunza ualimu, hana mtu nyumbani wa kumwonyesha njia. Vijana wengi wa Mbeya na Iringa wamepita katika njia hiyo. Julius Kambarage Nyerere aliipita kabla yao, akafika mbali, wala hakuwasahau waliobaki nyuma.

Alizaliwa mwaka 1922 Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, na mama yake Mgaya Nyang'ombe. Wote wawili hawakupata kuingia shuleni. Kambarage alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Alikuwa hajui lugha nyingine ila Kizanaki, basi Kiswahili alijifunza huko huko bwenini. Hata hivyo alishika sana masomo, na kazi ya miaka 4 akaimaliza kwa miaka 3.

Mwaka 1937 akahamia Shule ya Serikali, Tabora, mbali zaidi na kwao. Mwaka 1942 baba yake akafariki, na utemi ukashikwa na kaka yake, Wanzagi. Kambarage hakuyaacha masomo. Mwaka 1943 akavuka mpaka kwenda Makerere, nchi ya Uganda, kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka huo alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Mwaka 1945 alipata cheti chake, akawa mwalimu kamili.

Mara akakutana na jambo la kuchagua. Shule ya Serikali ya Tabora ilimtaka, na kazi ya Serikali ilikuwa na faida ya pensheni. Mapadre nao walimtaka katika shule yao ya Mtakatifu Maria, mjini humo humo. Akachagua kwa mapadre, akafundisha Kiingereza na elimu ya viumbe toka mwaka 1946 hata 1949.

Kisha akapata nafasi ya kusoma Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Safari hiyo ilikuwa na uzito wake, maana mama yake na ndugu zake walitegemea mshahara wake, na ilimpasa kuwatafutia msaada kabla ya kuondoka. Alirudi mwaka 1952 na shahada, akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransis, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa, naye akawa mkuu wake. Sasa alikuwa na kazi mbili, na mshika mawili moja humponyoka. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York, alipaswa kuchagua ama darasa ama siasa. Akaiacha kazi aliyoisomea kwa taabu miaka mingi, akabaki hana mshahara, naye ana mke na watoto. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1962 akawa Rais wa kwanza.

Ingawa aliliacha darasa, hakuiacha haja ya elimu. Mwaka 1974, katika mkutano wa TANU uliofanyika Musoma, iliamuliwa kwamba watoto wote waingizwe shuleni. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakifundisha wenzao wadogo. Wako waliolaumu kwamba vijana hao hawakuandaliwa vya kutosha, na lawama hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Lakini katika vijiji vya Mbeya na Iringa, kama katika nchi nzima, watoto wengi ambao wazazi wao hawakujua kusoma walishika kalamu kwa sababu ya walimu wale.

Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Mwaka 2005 huko Iringa kikafunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na humo vijana waliotoka mbali husomea ualimu.

Watu walikuwa na majina mengi ya heshima ya kumwita mtoto huyu wa mtemi, aliyekuwa Rais kwa zaidi ya miaka 20. Walichagua jina la kazi yake ya kwanza, wakamwita Mwalimu. Basi kijana aliye peke yake chuoni, asiye na mtu nyumbani wa kumweleza habari za vitabu, asiidharau kazi hiyo, wala asikate tamaa.