UMAR BIN ABDUL-AZIZ NA MALI YA UMMA

Twawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye jina lake ni mashuhuri katika midomo ya Waislamu, walakini mwendo wake umekuwa mgeni katika vitendo vyao. Naye ni Umar bin Abdul-Aziz, Khalifa wa nane katika ukoo wa Banu Umayya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatukumchagua kwa wingi wa sala zake na saumu zake, ingawa hayo yalikuwapo. Tumemchagua kwa kuwa aliwekewa mali ya watu mkononi, naye akaonyesha jinsi inavyoshikwa.

Alizaliwa karibu na mwaka 61 wa Hijra, sawa na mwaka 680 wa Miladi. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri miaka mingi; na mama yake, Ummu Asim, ni mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alisomeshwa Madina kwa wanavyuoni wake wakubwa, akamwoa Fatima binti wa Khalifa Abdul-Malik, na mwaka 87 wa Hijra akafanywa liwali wa Madina, akakusanya wanavyuoni kumi wa mji ule wawe washauri wake.

Wala mtu asidhani kuwa alizaliwa mwenye kuipa nyongo dunia. Katika ujana wake alivaa nguo za thamani kubwa, manukato yake yalifika kabla hajafika mwenyewe, na vijana wa Madina waliiga mwendo wake wa maringo. Twalitaja hili makusudi, kwani wako wasemao kuwa mtu aliyezoea anasa hawezi kuziacha.

Mwezi wa Safar mwaka 99, yaani 717 wa Miladi, Khalifa Sulayman alifariki huko Dabiq katika nchi ya Sham. Alikuwa ameacha wasia uliotiwa muhuri, na mwanachuoni Raja bin Haywa ndiye aliyeushika. Ulipofunguliwa, jina lililokutwa ndani lilikuwa la Umar, naye hakulitaka jambo hilo. Mara akaletewa farasi wa kifalme pamoja na watumishi wao. Akawakataa, akapanda nyumbu wake mwenyewe, na farasi wale akaamuru wauzwe na thamani yao itiwe katika Bait-ul-Mali. Akaletewa mahema mapya na matandiko ambayo desturi ilikuwa kumtengenezea kila Khalifa mpya. Hayo nayo yakauzwa. Hakuanza kwa kuwaambia raia wapunguze. Alianza mlangoni kwake.

Kisha akaingia ndani ya nyumba. Mkewe Fatima alikuwa na vito vya thamani alivyopewa na baba yake alipokuwa Khalifa. Umar akamkhiyarisha baina ya vito vile na kukaa naye. Fatima akamchagua mumewe, na vito vikapelekwa hazina. Mashamba aliyokuwa ameyapata kwa ukarimu wa makhalifa waliomtangulia akayarudisha. Kisha akawageukia jamaa zake, akawanyang'anya walichokuwa wamejitwalia katika mali ya umma. Hapo ndipo uadui ulipoanza. Jamaa zake walikasirika, wakamtumia shangazi yake amlainishe, naye hakulainika. Watu wengi huweza kujinyima nafsi zao, walakini wakashindwa kumnyima ndugu au shemeji. Na hapo ndipo khazina za watu hupotelea.

Hakudharau kidogo. Liwali wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alimwandikia akiomba nyongeza ya karatasi za mafunjo kwa ajili ya barua za kazi. Khalifa akamwagiza achonge kalamu yake iwe nyembamba, asongeze mistari, na akusanye haja nyingi katika waraka mmoja. Alipoomba mishumaa ya kumwangazia usiku, akakumbushwa kuwa kabla hajapata cheo alikuwa akitoka katika giza la usiku wa baridi bila ya mshumaa wowote. Na yasimuliwa kuwa Khalifa mwenyewe alikuwa na taa mbili: ya Bait-ul-Mali kwa kazi za Waislamu, na ya kwake kwa mazungumzo yake, likiingia neno la nyumbani, ile ya kwanza huzimwa.

Wala hakuogopa kukata lililo kubwa. Alipotawala, jeshi la Waislamu chini ya Maslama lilikuwa limeuzingira mji wa Constantinople, likala khasara kubwa kwa njaa na baridi. Umar akaliamrisha lirudi, akalipelekea chakula na wanyama wa kulichukua. Na Yazid bin al-Muhallab, aliyekuwa liwali wa Khurasan na mtu mwenye nguvu, akatakiwa atoe hesabu ya ngawira alizoziandika kwa Khalifa aliyepita, aliposhindwa, akafungwa.

Sasa tutazame jambo ambalo wengi hawalifahamu. Umar hakuwa bakhili. Maliwali wake aliwapa mishahara mikubwa, dinari mia na mia mbili kwa mwezi, ili washughulikie kazi za watu bila ya kuhangaikia riziki. Na akawakataza biashara wakiwa katika kazi. Yule yule Abu Bakr bin Hazm aliyebanwa kwa karatasi, ndiye aliyeamrishwa akusanye Hadithi za Mtume S.A.W. na kuziandika, kwa kuchelea ilimu isipotee pamoja na wanavyuoni. Na baadhi ya maliwali walipotaka kuendelea kuwatoza jizia watu waliokwisha kusilimu, kwa khofu ya hazina kupungua, yeye akawakataza, akipendelea hazina ipungukiwe kuliko kujazwa kwa dhulma. Hata dhahabu za Msikiti wa Damascus alikusudia kuzivua azirudishe Bait-ul-Mali. Walakini alipopata khabari kuwa wajumbe wa Rumi waliuona msikiti ule wakaingiwa na haiba ya Uislamu, akaacha. Alikuwa akipima kila jambo kwa manufaa yake.

Na kilichookolewa kilikwenda wapi? Liwali wake huko Iraq, Abdul-Hamid bin Abdur-Rahman, alimwandikia kuwa amekwisha kuwapa watu haki zao na mali imebaki. Akaamrishwa awalipie wenye madeni wasioingia deni kwa upumbavu wala kwa israfu, mali ikabaki. Akaamrishwa awaozeshe wasio na mahari, ikabaki. Akaamrishwa awakopeshe wakulima wasio Waislamu walioshindwa kulima mashamba yao.

Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101, yaani 720 wa Miladi, huko Dayr Sim'an, akiwa na umri wa karibu miaka arubaini. Yasemwa kuwa alitiliwa sumu. Alitawala miaka miwili na miezi mitano tu. Katika maradhi yake Maslama alimwona na kanzu chafu, akamlaumu dada yake Fatima kwa kutoifua. Kumbe Khalifa hakuwa na nyingine ya kubadilisha. Baadaye ndugu yake Fatima, Yazid, alipotawala, alitaka kumrudishia vito vyake. Mama yule akakataa, asiwe ni mwenye kumtii mumewe akiwa hai na kumuasi akisha kufa.

Ndugu zetu, twapenda kulaumu serikali kwa ufujaji, na lawama hiyo mara nyingi ina haki. Walakini na sisi tuna Bait-ul-Mali zetu ndogo: fedha za msikiti, ada za madrasa, kodi za nyumba za wakfu, michango ya maiti. Ni wangapi katika sisi wanaosoma hesabu zake hadharani? Ni nani aliyemkatalia shemeji yake chumba cha wakfu kwa kodi ya bure? Taa ya umma tunayo sote, kila mtu kwa kadiri ya amana yake. Na usiku huu huu twaweza kutazama ni ya kazi gani inayowaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe ni wenye kuhifadhi amana. Amin.