Siti binti Saad: Sauti Iliyowakutanisha Wanyonge

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Riziki yake ya awali ilikuwa kuuza vyungu, akivitembeza na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji wa taarabu.

Taarabu ya kasri ya Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya majirani zake wa Ng'ambo. Nyumbani kwake walikutana wapigaji na wasikilizaji, na habari za mitaani na mahakamani zikageuzwa nyimbo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, wasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa: muuaji alitorokea bara, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Waliokosa haki mahakamani walipata wa kuwasikiliza kwa Siti.

Mahasidi walimsimanga kwa nasaba na sura yake. Hakuikana asili yake. Aliwajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki.

Kabla ya kufariki mwaka 1950, alimsimulia Shaaban Robert maisha yake, naye akayaandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Hivyo mchuuzi wa vyungu aliyedharauliwa akaingia katika fasihi yetu kwa kisa chake mwenyewe. Tunapouchambua wasifu huo, tukumbuke kuwa chanzo chake ni mtu mmoja aliyekubali kusimulia na mwenziwe aliyetega sikio.