Bill Wilson

William Griffith Wilson (East Dorset, Vermont, 26 Novemba 1895 – Miami, Florida, 24 Januari 1971), anayejulikana zaidi kama Bill W., alikuwa mchambuzi wa hisa na mwandishi kutoka Marekani. Pamoja na daktari Robert Smith alianzisha Alcoholics Anonymous (kifupi: AA), yaani ushirika wa walevi wasiotaja majina yao ambao husaidiana kuacha pombe.

Maisha ya awali

Wilson alizaliwa katika hoteli ndogo ya familia ya baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi wazazi wake walitengana: baba alihamia Kanada, mama akaenda Boston kusomea tiba. Bill na dada yake mdogo walilelewa na babu na bibi wa upande wa mama. Mwaka 1912 mpenzi wake wa shuleni alifariki baada ya upasuaji, na Bill akapatwa na huzuni kubwa iliyovuruga masomo yake.

Ulevi

Alianza kunywa mwaka 1917 akiwa ofisa kijana wa jeshi. Alikuwa mtu mwenye haya mbele za watu, na pombe ilimwondolea haya hiyo. Tarehe 24 Januari 1918 alimwoa Lois Burnham.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alisoma sheria bila kupata shahada, kisha akafanya kazi katika soko la hisa la New York. Alitembelea makampuni kwa pikipiki pamoja na mkewe ili kuchunguza hali yake kabla ya watu kununua hisa. Alipata fedha nyingi, lakini soko lilianguka mwaka 1929 na pombe ikammalizia kilichobaki. Waliishi katika nyumba ya wazazi wa Lois, naye Lois akawa mfanyakazi wa duka ili wapate riziki.

Kati ya miaka 1933 na 1934 Wilson alilazwa mara nne katika Towns Hospital, New York. Huko daktari William Silkworth alimweleza kwamba ulevi ni ugonjwa, si upungufu wa tabia peke yake. Mnamo Novemba 1934 alitembelewa na rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, aliyekuwa ameacha pombe kwa msaada wa Oxford Group, harakati ya Kikristo. Mwezi uliofuata Wilson alilazwa kwa mara ya mwisho, akapata badiliko la kiroho, na tangu hapo hakunywa tena.

Kuanzishwa kwa AA

Mnamo Mei 1935 alisafiri kikazi hadi Akron, Ohio, na biashara yake ikashindikana. Akiwa hotelini peke yake, karibu na baa, aliona kwamba yuko hatarini. Alipiga simu kwa viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na Robert Smith, daktari mpasuaji aliyekuwa ameshindwa kuacha pombe. Smith alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu, lakini walizungumza kwa saa kadhaa. Wilson hakumhubiria, alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Smith alirudia pombe mara moja, kisha akaacha kabisa tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA.

Kitabu cha ushirika huo, ambacho sehemu kubwa kiliandikwa na Wilson, kilitolewa mwaka 1939 kikiwa na Hatua Kumi na Mbili za kuacha ulevi. Mwaka 1951 Lois alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi.

Mikutano

Sharti pekee la kujiunga na AA ni nia ya kuacha pombe. Hakuna ada, wanachama huchangia kwa hiari. Mtu hujitambulisha kwa jina la kwanza, husimulia mambo yake akipenda, au husikiliza tu. Mgeni huweza kuchagua mwanachama mzoefu wa kumshika mkono. Mikutano ya wazi hupokea yeyote. Ile ya ndani ni ya wenye tatizo la pombe tu. Watu wawili au watatu wanatosha kuanzisha kikundi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1955 Wilson alikabidhi uongozi kwa baraza la wanachama. Hakuwa mtu asiye na kasoro: alisumbuliwa na sonona kwa miaka mingi, na uvutaji wa sigara uliharibu mapafu yake. Alifariki siku ya kutimiza miaka 53 ya ndoa.

Urithi

Leo AA ina wanachama wapatao milioni mbili duniani. Katika Afrika Mashariki mikutano hufanyika katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, na nyumba za upataji nafuu za Zanzibar hutumia Hatua Kumi na Mbili kwa waraibu wa dawa za kulevya. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, penye tembo la mnazi, uraka wa mabibo na gongo, mlevi mara nyingi huficha tatizo lake kwa kuogopa aibu. Kwa mtu wa namna hiyo desturi ya kutotangaza majina ina uzito, kwa kuwa anaweza kuomba msaada bila siri yake kufika barazani.