Simeoni Nsibambi, Mlezi Aliyewaachilia Watoto Wake

Katika ushirika wetu huu wa nchi jirani tunalipenda sana neno "baba wa kiroho". Basi nimeona tumkumbuke mzee mmoja wa Uganda aliyekuwa baba kweli kweli, ingawa hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji wala hakuanzisha dhehebu lake.

Simeoni Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 huko Buganda, mtoto wa chifu. Alisoma mpaka King's College Budo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha waganga. Baadaye akapata kazi ya afisa wa afya serikalini. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, na nafasi hiyo alipoikosa aliumia moyo. Ni katika huzuni hiyo, mwaka 1922, Bwana alimwonyesha kwamba uzima wa milele unapita masomo ya ng'ambo. Akaokoka.

Mwaka 1929 alikutana na Dk. Joe Church, mmisionari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga Rwanda, na daktari alikuja Kampala amechoka mwili na roho. Akamkuta Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, amesimama kando ya pikipiki yake. Siku mbili wakaketi na Biblia, wakifuatilia mstari kwa mstari habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hebu fikirini zama zile za ukoloni: daktari Mzungu aliyesoma Cambridge ameketi na Mwafrika, kila mmoja akimlisha mwenzake. Church akarudi Gahini mtu mwingine. Nsibambi akaacha kazi ya serikali, akavua viatu, akawa anatembea peku na kanzu yake akihubiri Kampala.

Lakini kazi yake iliyofika mbali zaidi haikuwa ya barabarani. Ilikuwa ya mtu mmoja mmoja.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu mwaka huo huo wa 1929. Pale hospitalini palikuwa pia na Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu, mtu ambaye moyo wake haukuwa na raha na kazi wala na wakubwa wake. Church akamtuma Kampala akakae kidogo na Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali, na Kinuka akamwaga malalamiko yote: hili baya, lile baya. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu, badala ya kumpa pole, akamwambia wazi kwamba mambo ya hospitali ni mabaya kwa sababu ya dhambi iliyo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Si maneno matamu hayo! Nadhani wengi wetu tungeondoka tumenuna. Kinuka akaanza safari ya kurudi Rwanda, na huko njiani akajisalimisha kwa Bwana. Alipofika, wahudumu wenzake waliona mabadiliko, na uamsho wa Gahini ukapata nguzo.

Kwa kweli hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nsibambi hakumzuia Kinuka Kampala ili amtumikie yeye. Alimrudisha kazini kwake, ng'ambo ya mpaka, chini ya uongozi wa watu wengine. Siku hizi mtoto wa kiroho akihamia nchi nyingine na kuanza kuabudu kwingine, anahesabiwa ameasi, hata simu yake haipokelewi. Wahusika tunajijua.

Kigozi alifariki kwa homa huko Kampala tarehe 25 Januari 1936, akiwa amekuja kuiambia sinodi ya kanisa lake iamke. Msiba ule ungeweza kumfanya kaka mtu awafungie wengine nyumbani. Haikuwa hivyo. William Nagenda, karani wa serikali aliyeoa ndugu ya mke wa Nsibambi na kulelewa naye katika wokovu, alikwenda Gahini kuendeleza kazi, na baadaye akahubiri mpaka Ulaya na Bara Hindi. Mwaka 1937 timu ya uamsho ilifika Kabete, Kenya, na mwaka 1939 Katoke, Tanganyika.

Wapo watakaouliza mbona tunamsifu Mwanglikana katika gazeti la Wapentekoste. Waulizeni wazee wa makanisa yetu nani aliwahubiria wazazi wao toba.

Tangu miaka ya 1940 ugonjwa ulimweka Nsibambi nyumbani. Watu wakamfuata huko huko, wachungaji kwa waumini wa kawaida, akawaonya na kuwaombea, kisha wakarudi walikotoka. Alilala katika Bwana mwaka 1978, miaka 42 baada ya mdogo wake Blasio na miaka 5 baada ya Nagenda.