Padri Antoine Horner, kutoka Réunion hadi Bagamoyo

Waamini wa Arusha, tukiwemo sisi wa Levolosi chini ya Mlima Meru, twajua kwamba imani ilitufikia kutoka pwani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba pwani nayo iliipokea kutoka kisiwa kingine: Réunion, koloni la Ufaransa ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1848.

Kutoka huko Padri Armand Fava alifika Unguja mwaka 1860, akifuatana na Masista Mabinti wa Maria. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, nalo liliwapokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Jambo hili husimuliwa mara chache mno.

Mwaka 1863 uongozi wa misioni ulimwangukia Padri Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, mzaliwa wa Alsace mwaka 1827. Alikuta kisiwa cha karafuu, chenye soko la kuuzia wanadamu. Sultani Majid aliwaruhusu wamisionari kuhudumia wagonjwa na kufundisha ufundi. Horner aliwanunua watoto sokoni ili awape uhuru, elimu na kazi za mikono. Lakini fedha ile ile iliyomkomboa mtoto iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara wa watumwa. Walikuwapo waliomlaumu, na lawama hiyo haikuwa ya bure. Hata hivyo, sisi hatuoni ni jibu gani angempa mtoto aliyesimama mbele yake siku ile.

Unguja ilikuwa na nafasi finyu ya kilimo, hivyo mwaka 1868 alivuka bahari akaanzisha misioni ya Bagamoyo. Waliokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Kengele ndiyo iliyopanga siku yao, kuanzia sala hadi jembe. Uhuru wao ulikuwa na mipaka mingi, na si haki kulificha hilo. Mwaka 1869 ukaja ugonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo. Horner akaanza upya.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alilifunga soko la Unguja. Miaka minne baadaye misioni ilifika bara, Mhonda. Afya ya Horner ilikuwa imedhoofika. Alirudi Ufaransa, akafariki Cannes mwaka 1880, miaka kumi kabla ya wenzake wa shirika kufika Kilema, Kilimanjaro.